Kwa mnaoanza kazi ya mikanda na rafu

Wadogo zangu mnaotoka VETA, chuo cha ufundi, na kuingia ghala lenye mikanda inayosafirisha mizigo na mashine ya kuipanga, wengi wenu huogopa kompyuta. Mimi kwa miaka niliyofanya kazi hii hapa Iyunga, Mbeya, nawaomba mtazame kwanza ile nafasi ndogo ambapo mzigo unatoka kwenye mkanda kwenda kwenye rafu. Kazi ikisimama usiku, mara nyingi imesimama hapo.

Ile mashine inayopita kwenye reli katikati ya rafu inaambiwa na sensa tu, yaani kifaa kinachohisi mzigo, kwamba mzigo umefika. Sensa tulizonazo hutuma mwanga kwenye kioo kidogo ng'ambo ya mkanda na kusubiri urudi. Mzigo ukikaa katikati, mwanga haurudi. Sasa, paleti, yaani jukwaa la kubebea mizigo, iliyoviringishwa pamoja na mzigo wake kwa nailoni inayong'aa inaweza kuurudisha mwanga yenyewe, na mashine ikaamini mkanda ni mtupu. Ziko sensa zinazochuja mng'ao huo. Ukibadilisha iliyokufa weka ya aina hiyo, usichukue yoyote kwa sababu nyaya zimelingana. Asubuhi za Juni na Julai mambo hugeuka: ukungu wa Mbeya ukiingia langoni na kutua kwenye lenzi, sensa inasema kuna mzigo na hakuna kitu. Futa lenzi kwa kitambaa laini, ufute na kile kioo. Wengi hukisahau kioo.

Kosa linaloniuma mpaka leo nililifanya kwa haraka. Paleti ya maboksi ya chai ilisimama mwisho wa mkanda, taa nyekundu inawaka. Nikabonyeza kitufe cha kuanza upya mara tatu bila kuinuka kwenye kiti. Ilipokataa nikahamia kuendesha kwa mkono, nikaupitisha mzigo. Boksi moja la juu lilikuwa limetokeza kama vidole vitatu. Likagonga nguzo ya rafu, mzigo ukainama, maboksi yakaporomoka kutoka safu ya tatu hadi kwenye njia ya mashine. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu chini. Sensa ya vipimo, ile inayoangalia kama mzigo umetokeza nje, ilikuwa imeniambia ukweli mara tatu nzima.

Kwa hiyo inuka, nenda ukaangalie. Lakini kabla ya kuingiza mkono zima swichi kuu, weka kufuli lako mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwako, kisha jaribu kuwasha uone kama kweli imekufa. Kitufe chekundu cha dharura kinasimamisha mwendo, ila umeme unaweza kubaki sehemu nyingine, hewa yenye mgandamizo ikabaki kwenye mipira inayoipitisha, na mzigo ulioinuliwa bado una uzito wake. Hapa sikubembelezi hata kama msimamizi anapiga kelele kwamba lori linasubiri.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu. Ukitoa au kuweka mzigo kwa mkono, ingiza kwenye kompyuta saa hiyo hiyo. Usipofanya hivyo itatuma paleti nyingine kwenye nafasi iliyojaa. Sensa ya rafu ikiwa nzima mashine itagoma na foleni yote nyuma itasubiri, na ikiwa mbovu mizigo itasukumana. Mimi namba ya rafu huiandika kwa kalamu kiganjani kabla sijashuka ngazi, na chai siigusi mpaka nimeiingiza.