Gilasi moja ya tembo juu ya kidonge cha jioni

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini kwenye dirisha la dawa, muulizaji akishahakikisha kuwa aliyesimama nyuma yake si jirani: "Dokta, nikinywa kidogo tu, kuna ubaya?" Anayeuliza huwa ameandikiwa amitriptilini ya sonona na usingizi, au Valium ya wasiwasi, au yuko kwenye sindano ya mwezi inayochomwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili hapa Zanzibar. Kwa wengi wetu hapa visiwani, hukumu ya kunywa inajulikana na hatuna la kuongeza. Lakini anayekunywa yupo, na kwa kuwa anaficha, anatoka na dawa bila ya kuambiwa lile alilohitaji kuliko yote. Makala hii ni yake, na ni ya mke, mama au kaka anayeishi naye.

Kwanza tuipime hiyo "kidogo". Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi. Ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa moja hukaa mwilini saa 2 hadi 3. Pombe kali ya asilimia 35, mililita 60 tu, ina gramu 16 na ushei, karibu sawa na chupa ile ya bia. Tembo ndilo lisilopimika. Hamira ya asili huanza kazi tangu maji yanapodondoka kutoka kwenye karara na kuingia kibuyuni, hivyo la asubuhi bado ni tamu, na lile lile likifika jioni limeshakuwa kali. Gilasi haikubadilika, kilichomo ndani yake kimebadilika.

Sasa tuingie kichwani. Neva za ubongo zina milango midogo inayofunguliwa na kemikali iitwayo GABA. Mlango ukifunguka, chumvi ya kloridi huingia na neva hutulia. Diazepamu, ambayo ndiyo hiyo Valium, hushika pahala pake kwenye mlango huo na kuufanya ufunguke mara nyingi zaidi. Alkoholi nayo huja kuongeza nguvu ya GABA hiyo hiyo, tena kwa kushika pahala pengine, kwa hiyo haigombanii nafasi na kidonge: vyote viwili hufanya kazi pamoja. Juu ya hayo, alkoholi huzuia glutamati, kemikali inayoamsha ubongo. Ndiyo maana miligramu 5 za diazepamu na chupa moja ya bia hazihesabiwi kama kitu kidogo na kitu kidogo. Fenobabitoni, inayotolewa kwa wagonjwa wa kifafa, ni mbaya zaidi, maana yenyewe huushikilia mlango ubaki wazi kwa muda mrefu, na dozi ikizidi inaweza kuufungua hata bila ya GABA.

Linaloanza kuondoka ni kumbukumbu na busara, pumzi hufuata baadaye. Mtu anaweza kuongea vizuri, akafika kwao, akafunga mlango, na baada ya saa moja asijue kama kidonge cha usiku amekimeza au bado. Anameza cha pili. Hivyo ndivyo "kidogo" inavyogeuka hatari bila ya mtu yeyote kukusudia. Dawa yake ni rahisi: anayetumia vidonge vya usingizi asiweke pakiti nzima kando ya mto. Mwenye nyumba amtolee cha usiku mmoja, nyengine zikae kabatini.

Wapo wanaodhani wamepata ujanja: "Leo naruka kidonge ili ninywe." Nusu ya diazepamu iliyomo mwilini huchukua saa 20 hadi 50 kuondoka, na ini huigeuza kuwa dawa nyengine inayokaa muda mrefu zaidi. Ukiruka cha leo, cha jana na cha juzi bado vimo. Ile sindano ya mwezi, ya flufenazini, ndiyo kabisa haina kuruka, kwa sababu imo kwenye mafuta ndani ya msuli na inavuja polepole kwa wiki 2 hadi 4. Kwa mgonjwa wa kifafa anayetumia kabamazepini au fenobabitoni, kuruka ni kosa juu ya kosa: dawa inashuka, na alkoholi nayo inapotoka mwilini huuacha ubongo umechangamka kupita kiasi, degedege likapata njia mara mbili.

Amitriptilini inataka maneno mengi kidogo, maana ndiyo tunayoitoa sana na watu huiona nyepesi. Kidonge cha miligramu 25 usiku hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Huzuia histamini, ndipo usingizi unapokuja. Hukausha kinywa na kufunga choo. Pia huzuia mishipa ya damu isijibane unaposimama, na hili la mwisho ndilo linaloangusha watu. Kwa kawaida ukiinuka ghafla, mishipa ya miguu hujibana ili damu ifike kichwani. Dawa imeshalegeza kazi hiyo, alkoholi inaitanua mishipa zaidi, na pombe iliyofika tumboni pamoja na kidonge hulishughulisha ini lisiipunguze dawa kama lilivyozoea, basi kiasi kinachoingia kwenye damu hupanda. Saa nane za usiku mtu anaamka kwenda kukojoa, anashuka kitandani kwa haraka, anafika kwenye kizingiti cha choo, anaona kiza, na kichwa kinagonga ukuta.

Wakati wa msimu wa karafuu Pemba tunalisisitiza hili kwa kila mchumaji anayepewa dawa hiyo. Kisunzi cha kwenye tawi la mkarafuu hakina pa kukaa ukasubiri kipite. Wiki mbili za mwanzo, na siku chache kila dozi inapoongezwa, usipande mti, usiendeshe vespa wala bodaboda asubuhi kabla hujajua dawa inakufanyaje, na usinywe kabisa. Kuinuka kitandani kuna utaratibu wake: kaa kwanza miguu ikining'inia, subiri dakika moja, chezesha nyayo, ndipo usimame huku umeshika kitu. Largactil, dawa ya maradhi ya akili, nayo huangusha hivyo hivyo, kwa hiyo utaratibu ni huo huo. Haloperidoli, ya maradhi hayo hayo, haileti usingizi mwingi, lakini alkoholi inaweza kuzidisha kule kuhangaika kwa miguu na kukakamaa kwa shingo ambako dawa hii huleta. Anayetumia pia Artane, ya kupunguza kukakamaa huko, pombe itamzidishia kuchanganyikiwa.

Fluoksetini, nayo ya sonona, ni habari nyengine. Gilasi moja haimzidishii sana usingizi anayeitumia, na kwa sababu hiyo watu huiona ruhusa. Tatizo lake ni la polepole. Alkoholi huleta usingizi wa haraka, kisha nusu ya pili ya usiku inakatika-katika, na kesho yake moyo unakuwa mzito kuliko jana. Dawa yenyewe inahitaji wiki 4 hadi 6 kuonesha kazi yake kamili. Mtu akinywa kila Jumamosi na Jumapili, mwisho wa mwezi anarudi na kusema dawa haifai, na anaongezewa dozi asiyoihitaji. Tena ukiichanganya na diklofenaki au ibuprofeni ya maumivu pamoja na pombe, tumbo linaweza kutoa damu. Ukiona choo cheusi kama lami, usisubiri asubuhi.

Kwa walio kwenye methadoni, dawa wanayopewa kliniki wanaoacha heroini, hatuna nafasi ya kujadiliana: hata gilasi moja, hapana. Methadoni hupunguza msukumo wa kupumua, na hufika kileleni saa 2 hadi 4 baada ya dozi, wakati mtu ameshatoka kliniki na yuko mtaani. Ukiongeza pombe, na Valium iliyonunuliwa kichochoroni, mtu analala na pumzi inazidi kupungua bila ya yeye kujua.

Dawa ya kikohozi ya maji pia huulizwa. Kijiko cha mililita 5 chenye alkoholi ya asilimia 5 kina robo ya mililita tu, si kitu. Cha kuangalia kwenye lebo ni klorfeniramini, promethazini au kodeini, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoungana na kidonge chako cha usiku.

Ikiwa umeshakunywa na saa ya dawa imefika, kidonge cha usingizi au Valium ya "ukihitaji" kiache usiku huo. Dawa ya kifafa usiiache, nenda kaulize. Kesho yake usimeze viwili kufidia. Na kama unakunywa kila siku, usikate ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Degedege la kukosa pombe huja kati ya saa 6 na 48, na kuweweseka kwa siku ya pili au ya tatu kunaweza kuua. Useme ukweli kwa daktari ili ushushwe kwa dawa: unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ukimkuta mtu amelala na haamki kwa kuitwa na kutikiswa, usimpe kahawa, maziwa wala maji ya ndimu, na usimtapishe. Mlaze ubavu, mkono wa juu uwe chini ya shavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kirudi nyuma kidogo. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au anakoroma kwa mkoromo wa kugugumia, au midomo imekuwa ya kijivu, tafuta gari wakati huo huo, na mmoja akae naye nyuma asigeuke chali. Zichukue pakiti zote za dawa mlizoziona chumbani, pamoja na chupa aliyokuwa akinywea, na mkiwa njiani mhesabu matundu yaliyo wazi kwenye kila pakiti. Hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa mapokezi.