Database inagoma usiku wa mwezi kuandama, tununue seva kubwa?

SWALI: Assalam aleykum. Tupo Chake Chake, tuna sistimu ya kukata tiketi za boti Pemba na Unguja, database ni PostgreSQL ipo klaudi, vCPU 2 na rami GB 8. Siku za kawaida CPU haifiki hata asilimia 20. Idi iliopita mwezi ulipotangazwa tu watu wakaingia wote kwa pamoja, sistimu ikagoma, inasema konekshini (njia za programu kuongea na database) zimejaa. Bosi anataka tununue seva mara nne ya hii. Ni sawa?

JIBU: Waaleykum salaam kaka. Mwambie bosi pesa zikae kwanza. Hilo kosa halisemi kama seva ndogo, na huenda CPU yenu usiku ule ilikuwa imelala tu.

Ndani ya database andika SHOW max_connections uone mnaruhusiwa konekshini ngapi. PostgreSQL ukiiweka mwenyewe inakuja na 100, huko klaudi wengine wanapanga kwa kuangalia rami. Halafu piga hesabu: maombi kwa sekunde, mara sekunde ambazo kila ombi linashika konekshini. Maombi 100 kwa sekunde, kila moja sekunde 0.02, basi konekshini 2 tu zinatosha! Ila kama programu yenu inafungua transakisheni (kazi ya database inayokamilika yote au isikamilike kabisa), inafunga siti, halafu inamngoja mteja aingize PIN ya malipo ya simu, hapo ni sekunde 30 nzima, na watu 10 tu kwa sekunde washakula konekshini 300. Hata ukileta seva ya mara nne, konekshini zinaweza kujaa vile vile, ila bili ndo itakuwa kubwa.

Angalia pg_stat_activity (orodha ya konekshini na zinachofanya) wakati wa msongamano, ukiona mistari mingi imeandikwa "idle in transaction", yaani transakisheni imefunguliwa lakini imekaa bure, ujue ndo hilo. Dawa yake: andika siti imeshikwa kwa dakika 10, maliza transakisheni hapo hapo, malipo yakirudi ndo unathibitisha, asolipa siti inaachiwa. Kisha weka PgBouncer mbele, ni programu ya kugawana konekshini chache kwa watu wengi. Usikimbilie kupandisha max_connections tu, maana kila konekshini ni prosesi yake na inakula rami.

Mukisharekebisha, chukua logi za Idi iliopita, pimeni kwa mara tatu ya kilele kile. Ikionekana bado nzito basi pandisheni seva, lakini mapema, maana kubadilisha saizi database inajizima kidogo na watu wanaingia ndani ya dakika chache, seva ikiachiwa ijipandishe yenyewe haitawahi. Na mwezi haujulikani utaandama lini, kwa hivyo pandisheni asubuhi ya 29 Ramadhani, muiache mpaka Idi mosi ipite ndo mushushe. Siti zilobaki musizisome kwenye replika (nakala ya database), inachelewa kidogo na mtauza siti moja kwa watu wawili.

Mkipandisha seva, diski angalieni sana, kuongeza ukubwa wake rahisi, kupunguza baadae ni kazi.