Hiyo Pamba Kwenye Okidi Si Pamba

Shikamoo mama. Mume wangu aliniletea ua la okidi nyeupe kutoka Nairobi, imo kwenye kopo la plastiki linaloonyesha mizizi. Nimeiweka sebuleni karibu na dirisha. Wiki ya tatu sasa naona vitu kama vipande vya pamba katikati ya majani. Nikivifuta, vinarudi. Majani ya chini yananata, na sisimizi wamejichorea njia kutoka dirishani. Jirani ananishauri nipulize dawa ya mbu. Nipulize? *Msomaji, Tanga*

Marahaba mwanangu. Hiyo dawa ya mbu irudishe kabatini kabla jirani hajaja kukusaidia. Mwaka niliostaafu ualimu niliipulizia okidi yangu ya kwanza, tena kwa karibu, nikijiona mjanja. Siku ya pili majani yalikuwa na madoa kama yameunguzwa na pasi. Wadudu wachache walikufa, okidi nayo ikafa.

Hivyo vipande vya pamba ni wadudu wadogo waitwao vidung'ata. Ile pamba ni nta wanayojifunika, ndiyo maana dawa ya maji maji huteleza juu yao kama mvua kwenye jani la mgomba. Watu wa muhogo huko kwenu wanawajua ndugu zao. Yule wa muhogo aliingia Afrika miaka ya 1970 kutoka Amerika Kusini akaangamiza mashamba nchi baada ya nchi, mpaka watafiti walipoleta kutoka Paraguay nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Kwa kazi hiyo mtafiti Hans Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, na wakati huo alikuwa anaongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Nairobi. Sebuleni kwako nyigu huyo hayupo, kwa hiyo nyigu ni wewe.

Kwanza itoe okidi hapo ilipo, uiweke mbali na maua mengine, hata bafuni kama kuna mwanga. Vidung'ata wachanga hutembea, jani likigusa jani wamehama.

Nenda duka la dawa ukanunue spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 70. Spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko hapana. Chovya kijiti cha pamba cha masikioni, uguse kila kidung'ata mmoja mmoja. Spiriti inayeyusha ile nta na mdudu anabadilika rangi hapo hapo, anakuwa kama kahawia. Mimi huwa nafurahi kuona, Mungu anisamehe. Usimwage spiriti kwenye jani zima wala kwenye mizizi, na usifanye kazi hii juani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi tunashindwa. Wale unaowaona ni wale wasiojua kujificha. Inua kila jani uangalie kwapani, pale linaposhikana na shina. Angalia chini ya vile vigamba vikavu kwenye bua la maua, uvimenye kwa kucha. Halafu toa mmea wote kwenye kopo. Ukikuta unga mweupe kwenye mizizi, tupa vipande vyote vya magome ya mti ilimopandwa, usivihurumie. Osha mizizi kwa maji ya bomba, kata ile iliyooza, yaani ile ukiibinya inatoa maji na kubaki uzi. Mzizi mzima ni mgumu, ukiwa mkavu una rangi ya fedha, ukilowa unakuwa kijani. Kopo lioshe kwa maji ya moto na sabuni.

Tanga hamkosi makumbi ya nazi. Yakate vipande, changanya na mkaa, yanafaa badala ya magome. Ila yaloweke siku tatu ukibadilisha maji kila siku, kwani yana chumvi.

Jike mmoja hutaga mamia ya mayai ndani ya ile pamba, na spiriti haiyafikii yote. Ndiyo maana ukifuta vinarudi. Chagua siku moja ya wiki. Mimi yangu ni Ijumaa, kabla ya kuweka maharage jikoni. Rudia kila wiki kwa wiki sita, hata kama wiki ya tatu huoni kitu. Hasa kama huoni kitu! Kati ya hapo unaweza kupuliza mafuta ya mwarobaini jioni: kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, na matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ukitikisa kila mara. Sabuni ya unga usijaribu. Ukimaliza, nyonya kwa karatasi laini maji yaliyotuama pale katikati majani yanapoanzia, yakilala hapo moyo wa mmea unaoza.

Sisimizi nao wana kesi yao. Kule kunata ni majimaji matamu yanayotoka kwa vidung'ata, na sisimizi huwalinda na kuwahamisha kama mfugaji na mbuzi wake. Weka kopo juu ya kikombe kilichopinduliwa ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni, na jani lisiguse ukuta. Hawavuki.

Mama, kikonyo cha maua ya okidi yangu kina matone kama asali, lakini simwoni mdudu hata nikimulika tochi. *Msomaji, Nairobi*

Huenda hakuna mdudu. Okidi nyingi hutoa utamu wao zenyewe wakati wa maua. Futa kwa kitambaa kibichi. Ila pitisha ukucha kwenye vinundu vya kahawia chini ya majani: kikibanduka, huyo ni mdudu gamba, na dawa yake ni ile ile ya Tanga.

Ofisini kwetu majani yamepauka chini, na kuna utando mwembamba. *Msomaji, Mwanza*

Huo ni utitiri. Ana miguu minane, ni wa ukoo wa buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimsumbui. Anapenda hewa kavu. Futa majani juu na chini kwa kitambaa cha maji ya sabuni mara mbili kwa wiki, na hiyo okidi iondoe mbele ya kiyoyozi.