Kabla hujafunga mgahawa kwa sababu ya taifodi

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, hii mara ya tatu mwaka huu naambiwa nina taifodi. Nifunge mgahawa?" Nilicheka, kisha nikakasirika, maana mwaka 2022 mimi nilifunga.

Nilikuwa Sinza, supu na chapati, saa nne asubuhi sufuria tupu. Homa ikanishika. Zahanati wakanitoa damu, muda si muda karatasi hii hapa: kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, O 1:160, eti ninayo. Nikapewa sipro, antibiotiki. Mwezi uliofuata homa tena, karatasi ile ile, sipro ile ile. Binti niliyemwajiri akaisoma, akawasimulia wateja. Siku 11 jiko halikuwashwa.

Mara ya tatu nikakutana na daktari aliyeniuliza, "Damu yako imewahi kuoteshwa?" Yaani kuwekwa maabara waone kama mdudu wa taifodi ataota. Haijawahi. Akaichukua kabla sijameza kidonge, akaigawa kwenye chupa mbili. Malaria ilionekana siku ile ile, mistari miwili kwenye kipimo cha haraka. Zile chupa zilikaa siku tano, hakikuota kitu.

Widal ni kipimo cha 1896, jamani! Hakimtafuti mdudu, kinatafuta kinga ya mwili, na kinga hubaki hata kama uliugua zamani. Kuotesha nako si malaika: hukosa karibu wagonjwa wanne kati ya 10, hasa mkishabugia antibiotiki. Mnakimbilia duka la dawa, halafu mnalaumu maabara.

Sisi wa chakula tuna letu pia. Mtu anapona kabisa, kumbe mdudu kabaki kwenye nyongo, anatoka na choo. Mary Mallon, yule mpishi wa New York, alikuwa hivyo. Ukithibitishwa unao kweli, rudi upimwe choo, tena zaidi ya mara moja. Kuchemsha maji na sabuni mnavijua.

Kenya Julai 2025 walianza kuchanja taifodi watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Nasi tukiulizwa chanjo ianzie mtaa gani, tutaonesha nini, karatasi za Widal? Kwa karatasi hizo Dar nzima ina taifodi na UTI.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiwa na homa usishike sufuria, weka mtu jikoni, nenda kaoteshwe damu. Na majibu yakae mkobani. Mteja wangu mmoja wa asubuhi mpaka leo ananunua chapati ng'ambo ya barabara. Huwa ananipungia mkono.