Kabla ya koti, tafuta anwani

Mtoto wa mama mdogo, ambaye kwangu ni mdogo wangu kabisa, alinipigia simu wiki iliyopita kutoka Tanga. Amepata mkataba wa mafunzo ya uuguzi Ujerumani, cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B1 anacho, viza imeshagongwa. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Dada, koti ninunue mtumbani huku au nisubiri huko huko?"

Nikamwambia, koti utapata. Niambie utafikia wapi, na huyo mwenye nyumba atakusainia karatasi?

Naandika haya kwa ajili yake na wengine kama yeye, maana tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi Septemba 2024, vijana wanaoniuliza habari za huku wamekuwa wengi, na karibu wote wanauliza baridi.

Ukihamia kwenye nyumba Ujerumani, sheria inakupa wiki mbili kwenda kujiandikisha manispaa. Wenyewe wanaita Anmeldung. Ili uandikishwe, unatakiwa uwe na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, au na mpangaji aliyekupangisha chumba, kwamba kweli umehamia kwake. Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Lishike hilo neno hata kama ulimi unagoma. Bila hiyo karatasi huandikishwi, na usipoandikishwa, namba ya mlipakodi haiji.

Mimi nilifikia Leipzig, Januari 2019, kwenye chumba nilichopangishwa na mtu ambaye naye alikuwa mpangaji. Mwenye nyumba hakuwa na habari. Kila nikiomba karatasi, jibu lilikuwa "wiki ijayo", na wiki ijayo hiyo ilichukua miezi miwili na nusu. Kazini, kwa kuwa sikuwa na namba, mshahara wangu ukakatwa kodi kwa daraja la sita, linalokata kuliko madaraja yote. Fedha ilirudi, ndiyo, lakini mwaka uliofuata, nilipowasilisha hesabu zangu za kodi. Ada ya mdogo wangu wa mwisho haikuweza kusubiri mwaka. Mama alikopa kwenye kikoba, wala hakuniambia mpaka alipomaliza kulipa. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo kabla hujakata tiketi, muulize anayekupangisha, kwa maandishi: nitaweza kujiandikisha kwenye anwani hii? Akianza kuzungukazunguka, mwache, hata kama chumba ni cha bei poa. Kama mwajiri au chuo kina hosteli, anzia hapo, hata kama jiko ni la watu wanane. Ukiona tangazo la nyumba nzuri mno, mwenyewe anadai yuko nje ya nchi na ufunguo atautuma kwa posta ukishalipa, huyo ni tapeli. Dhamana halali ya nyumba haizidi kodi ya miezi mitatu, bila kuhesabu gharama za joto na maji, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Na nyumba nyingi zinapangishwa bila jiko, yaani hata sinki la vyombo hakuna, ukutani zimetokeza bomba tu.

Ukishapata nyumba, nenda kwenye sanduku la barua. Sisi tumezoea S.L.P. ya shule au ya ofisi ya mjomba, na mgeni tunamwelekeza nyuma ya msikiti, mlango wa bluu. Huku, kwenye nyumba za ghorofa, tarishi anatafuta jina. Asipoliona kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka, hata kama wewe uko juu unapika. Mimi niliandika jina langu la kwanza, kama ninavyoitwa siku zote. Kumbe barua zilikuwa zinaandikwa kwa jina la ukoo lililo kwenye pasipoti, ambalo ni la babu. Kadi yangu ya bima ya afya ilirudi mara mbili. Jirani mmoja, mama mtu mzima, ndiye aliyenishika mkono tukashuka ngazi hadi kwenye sanduku, akaninyooshea kidole majina ya wengine. Yote yalikuwa ya ukoo. Babu yangu, mvuvi ambaye hakuwahi kuvuka Pemba, jina lake likaenda kubandikwa kwenye kibati Leipzig, na siku hiyo nililia.

Serikali ya huku huzungumza kwa barua. Ikija bahasha ya manjano, usiitupe bahasha yenyewe. Tarishi ameandika juu yake tarehe aliyoiweka sandukuni, na siku za kujibu au kukata rufaa zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, usome usisome. Ukienda likizo nyumbani, mwachie mtu unayemwamini ufunguo wa sanduku akupigie picha kinachoingia.

Kuhusu pesa za nyumbani nitasema moja tu. Kaa na wazazi kabla ya safari, uwaambie wazi kwamba miezi mitatu ya kwanza hutatuma kitu. Wakilisikia mapema kutoka kinywani mwako, watakuelewa.

Mdogo wangu anafikia hosteli ya hospitali. Karatasi yake imeshasainiwa, nimeiona kwa macho yangu. Jana nimemwambia anitumie picha ya ukurasa wa pasipoti wenye jina, niliandike kwenye kibandiko herufi kwa herufi, akitua tukakibandike kabla hata ya kufungua begi.