Mission: Impossible ya nane: mmeuliza, najibu

Tangu niseme kwamba nimeiona "Mission: Impossible – The Final Reckoning", picha iliyotoka Mei 2025, simu haijatulia. Maswali yametoka kote mkoani kwetu Kigoma: Mwanga, Ujiji, Kibirizi, Kasulu, hadi Nguruka. Nimeyachukua haya na kuyafupisha. Natahadharisha mapema: anayekufa nitamtaja na mwisho nitausema. Kama hujaiona na hutaki kuambiwa, soma swali la kwanza uishie hapo.

Kaka, kwa ufupi tu: ni kali au si kali? Nataka kujua kabla sijatoa kiingilio. (Mwanga)

Ni kali, ila saa ya kwanza ni nzito. Picha nzima ina karibu saa 2 na dakika 50, na sehemu kubwa ya mwanzo watu wamekaa vyumbani wanaelezana hatari iliyopo. Mmoja anaanza sentensi, wa pili anaidaka, wa tatu anaimalizia. Katikati wanapachika vipande vya picha za zamani ili tukumbuke. Nilichoka, sitaficha. Halafu Ethan Hunt, jasusi anayeigizwa na Tom Cruise, anaingia baharini, na kuanzia hapo sikuweza kugeuza shingo. Toa kiingilio, lakini usinyanyuke mapema. Nilipoitazama kwa mara ya pili, kwenye kibanda cha video, benchi la mbele lote liliondoka kabla ya bahari, na ndio hao sasa wanaoitangaza mitaani kwamba ni mbovu.

Shikamoo. Sijaona hata moja kati ya zile saba. Nianze na hii au nitapotea? (Mwanafunzi, Kasulu)

Marahaba mdogo wangu. Utapotea. Anza na ya 1996, iliyoongozwa na Brian De Palma. Mle kuna mfanyakazi mmoja wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, anaitwa William Donloe. Ethan anashushwa kwa kamba ndani ya chumba chake cha kompyuta na kuiba orodha ya majasusi, na yule bwana, ambaye hakuiba wala hakusaliti, anaadhibiwa kwa kupelekwa Alaska. Tukamsahau. Sasa, miaka 29 baadaye, amerudi, na mwigizaji ni yuleyule, Rolf Saxon, mvi zimemjaa. Anaishi na mkewe kwenye kisiwa cha baridi kali, na yeye ndiye anayejua mahali ilipozama nyambizi yenye kifaa wanachokitafuta. Nilitegemea aje na kinyongo. Badala yake anamwambia Ethan kwamba adhabu ile ndiyo iliyomkutanisha na mke wake. Katika picha iliyojaa mabomu ya nyuklia, maneno ya mzee huyu ndiyo yaliyonigusa zaidi, na ukiwa hujaona ya 1996 yatakupita tu.

Ukitoka hapo, tafuta ya 2006, ambamo wanagombania kitu kinachoitwa Mguu wa Sungura bila mtazamaji kuambiwa ni kitu gani. Hii mpya imeamua kutuambia: ndiko alikozaliwa adui wa sasa, ambaye ni akili mnemba. Ningependa wangeliacha lilivyokuwa. Utamu wa kile kitu ulikuwa kutokujua. Kisha ya 2018, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote, na ya 2023, kwa sababu hii ni mwendelezo wake wa moja kwa moja. Ya 2000 ya John Woo itazame kwa ajili ya pikipiki tu, kwa kisa hiki haina mchango.

Kijiweni tumegombana mpaka kahawa imepoa. Mwenzetu anasema Tom Cruise haruki mwenyewe, ni kompyuta. Nani mkweli? (Ujiji)

Mwili ni wake. Kompyuta inafuta kamba na mikanda ya usalama, ndiyo maana mwenzenu anadhani yote ni ya kompyuta. Katika ya 2011 alining'inia nje ya Burj Khalifa kule Dubai, jengo la mita 828. Katika ya 2015 amejibanza ubavuni mwa ndege ya mizigo ya kijeshi wakati inapaa. Mwaka 2017 mjini London aliruka kutoka paa moja kwenda jingine, kifundo cha mguu kikavunjika palepale, akajiinua na kuchechemea hadi akaipita kamera. Kipande hicho hakikutupwa, kimo ndani ya ile ya 2018. Ukikitazama polepole utauona mguu unavyojikunja ukutani.

Katika hii mpya kuna ndege ndogo za zamani zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na zilirukia Afrika Kusini. Tom Cruise, aliyezaliwa Julai 1962, anatambaa juu ya bawa ndege ikiwa angani. Naomba mtazame uso wake, ndege muiache. Upepo unayasukuma mashavu nyuma mpaka meno yote yanaonekana, midomo inapigapiga, macho yanakuwa mstari mwembamba. Anapotaka kusogeza mkono mmoja, inambidi kwanza autafutie pa kushika, na vidole vinateleza kabla ya kukaza. Hakuna mwigizaji wa kuigiza hilo kwenye kiti cha studio. Baadaye anaruka na mwavuli unaowaka moto. Guinness wameiandika rekodi yake: miruko 16 na mwavuli unaowaka.

Kwa nini nalitetea jambo hili kwa nguvu? Kwa sababu picha nyingi za siku hizi steringi anaanguka kutoka ghorofa ya 30, anajipangusa vumbi, na mimi nimekaa sijashtuka, kwa kuwa najua hakuna kilichoanguka. Hapa kuna uzito wa mtu. Na huyo mtu hayuko peke yake: kuna waliofunga kamba, waliorusha ndege, na Wade Eastwood, msimamizi wa michezo ya hatari, ambaye amefanya kazi hii tangu ile ya 2015. Mkimsifu Cruise kijiweni, watajeni na hao.

Mimi ni mvuvi wa dagaa. Yule jamaa anatoka ndani ya nyambizi, anavua suti na kuibuka na chupi kwenye maji ya barafu. Inawezekana? (Kibirizi)

Swali zuri, na wewe maji unayajua. Kwa kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kama cha hewa yote iliyo juu yetu. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo kule chini kabisa maji yanakukandamiza takriban mara 147. Mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi akiwa chini, gesi ya naitrojeni inajipenyeza kwenye damu na nyama. Akipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi. Akipanda haraka inageuka mapovu mwilini, na hapo viungo vinauma, mtu anapooza, au anakufa. Jambo la pili ni mapafu. Hewa uliyoivuta ukiwa mita 10 inakuwa maradufu ukifika juu, hivyo anayepanda huku ameibana pumzi anayapasua mapafu yake mwenyewe. Wanaozamia samaki wa mapambo huku ziwani wanalijua hili kuliko mimi.

Picha nayo inalijua. Wanalieleza kabla hajashuka, na juu ya barafu wenzake wanamsubiri na chumba cha kubebeka cha kumrudishia mgandamizo, ambacho ni tiba ya kweli. Ila baridi ile, bila suti, peke yake ingetosha kumuua: mikono inakufa ganzi kwa dakika chache na fahamu zinafuata. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, asingetoka hai. Nilijua hivyo nikiwa nimekaa, na bado nilibana pumzi.

Kuhusu kile kifaa kukutwa kizima ndani ya nyambizi iliyozama miaka mingi, hapo sisi watu wa Kigoma hatuna haki ya kubisha. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Mbona watu wanaidharau ile ya kutafsiriwa? Mimi Kiingereza sijui, bila DJ wa kunitafsiria sielewi kitu. (Gungu)

Dada, usikubali kudharauliwa. Kutafsiri muvi kwa sauti ni kazi ya sanaa, na nchi hii ina mabingwa wake tangu enzi za marehemu Lufufu, ambaye kwa watu wengi ndiye aliyewafanya waone kwamba picha ya Marekani inaweza kusimuliwa kwa Kiswahili na ikanoga. Nimeiona The Final Reckoning kwa namna zote mbili. Nasema wazi: ile saa ya kwanza, ya DJ ni bora. Kwenye ya Kiingereza majenerali na mama rais, anayeigizwa na Angela Bassett, wanazunguka maneno mpaka unasinzia. DJ kayakata yote: "Wakubwa wamegawanyika, huyu anataka apige kwanza, mama anasema subiri, kijana wangu ana siku chache tu." Kwisha. Kibanda kizima kikaelewa na kikakaa sawa.

Kosa linakuja baharini. Kwa kama dakika 20 Ethan yuko peke yake ndani ya nyambizi na karibu hakuna neno linalosemwa. Unasikia pumzi yake ndani ya kofia, chuma kinalia, maji yanahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kadiri nyambizi inavyobingirika kwenye mteremko. Makombora marefu kama magogo yanachomoka kwenye rafu zake, moja baada ya jingine, na yeye anapenya katikati. Pale ndipo DJ akaendelea kusema: "Sasa steringi anajiuliza, nitatokaje humu? Angalia lile, linakuja!" Tunaliona, ndugu yangu. Tunaliona wenyewe. Niliangalia watu benchini: waliokuwa wamekaza ngumi walilegea, wakaanza kupiga stori.

Ombi langu ni kwa madj na kwa wenye vibanda. Elezeni kila kitu mpaka Ethan avae ile kofia. Akishaingia majini, nyamazeni, na mwenye kibanda aongeze sauti ya spika. Mrudi akishatolewa kwenye barafu. Mteja wa Gungu asiyejua Kiingereza na mteja wa London, kwa dakika zile wanaona picha moja, hakuna aliyemzidi mwenzake. Msimnyang'anye.

Adui ni kompyuta. Unampigaje ngumi kompyuta? (Nguruka)

Humpigi, na hilo ndilo pengo la picha hii. Adui ni akili mnemba inayoteka silaha za nyuklia za dunia, nchi moja baada ya nyingine. Inatisha ukiifikiria, ila haina uso wa kuuchukia. Gabriel, anayeigizwa na Esai Morales, amewekwa ili tuwe na mtu wa kumkimbiza, lakini anacheka sana na hatumjui vya kutosha. Kifo kinachouma ni cha upande wetu: Luther, yaani Ving Rhames, ambaye yeye na Cruise pekee ndio wamo katika picha zote nane.

Ule wimbo wa kuanzia ni wa nani? Naupenda kuliko muvi. (Mwanga)

Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, aliyeutunga kwa ajili ya tamthilia ya televisheni iliyoanza 1966. Una mapigo matano, ndiyo maana ukijaribu kuupigia makofi ya kawaida unapotea. Alifariki Juni 2025, akiwa na miaka 93, mwezi mmoja baada ya picha hii kutoka.

Ndiyo mwisho kweli? (Kibondo)

Ethan hafi. Yeye na wenzake wanakutana Trafalgar Square, London, wanaangaliana tu bila kusema, kila mmoja anashika njia yake, na kifaa alimofungiwa adui kinabaki mikononi mwa Ethan. Mlango haujafungwa. Wakirudi, waifanye fupi: ile ya 1996 ilikuwa na dakika 110 na haikupungukiwa na kitu.

Mwanangu ana miaka tisa, anaililia kila siku. Nimruhusu? (Mama, Buhigwe)

Mama, Marekani wameipa alama ya kuwataka wazazi wawe waangalifu na walio chini ya miaka 13. Damu si nyingi na uchafu haumo, ila kuna visu, na mtu anazama mbele ya macho yako. Kibandani usiku, hapana. Kama mna flash nyumbani, mwekee mchana, mruke ile saa ya mazungumzo isipokuwa kifo cha Luther, na hapo ukae naye.