Mlango wa Gereji: Pima Kabla Linta Haijamwagwa

SWALI: Tunajenga mtaa wa Utawala na kuta zimefika usawa wa madirisha. Fundi ameacha nafasi ya gereji yenye upana wa mita 4.2, na wiki ijayo anataka kumwaga linta (boriti ya zege juu ya nafasi ya mlango) kwa futi 7. Tuna Prado na Demio, naye anashikilia kuwa magari yote mawili yataingia. Welda anaomba vipimo aanze kutengeneza mlango. Nimpe hivyo hivyo? – Msomaji, Utawala

JIBU: Usimpe bado, na linta nayo isimame. Kuongeza nafasi leo ni kazi ya kutoa mawe machache tu. Linta ikishakauka, itabidi ivunjwe na ukuta wa juu uwekewe mihimili ya kuushikilia.

Tuanze na upana. Prado ya mfululizo wa 150 ina upana wa karibu mita 1.89 na Demio karibu mita 1.7, lakini vipimo hivyo vya kampuni havihesabu vioo vya pembeni. Vioo vikiwa wazi, Prado inapita mita 2.1 na Demio inakaribia 1.95. Jumlisha: mita 4.05. Katika nafasi ya mita 4.2 unabaki na sentimita 15, tena ugawe mara tatu: kushoto, kulia na kati ya magari. Kila upande unapata sentimita 5, na plasta haijapigwa. Magari yote mawili yatapita siku ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, kisha vioo vitaanza kuvunjika.

Mlango wa gari moja usipungue mita 2.4, wa mita 2.7 ndio unaopitika bila wasiwasi. Wa magari mawili, anza na mita 4.8. Kiwanja kikiruhusu, mimi ningeweka milango miwili ya mita 2.5 yenye nguzo ya sentimita 40 katikati. Linta za mita 2.5 ni nyepesi kwa fundi kuliko linta moja ya karibu mita 5, ambayo nondo zake lazima zipangwe na injinia. Na mlango mmoja ukiharibika, gari la pili bado linatoka. Ndani, upana uwe angalau mita 5.5, la sivyo utaingia vizuri halafu ushindwe kufungua mlango wa gari ushuke.

Urefu ndio unaowadanganya wengi. Futi 7 ni mita 2.13, lakini fundi wako anapima kutoka kwenye slebu tupu. Toa sentimita 5 za skridi (tabaka la saruji la kumalizia sakafu) na 1.5 za plasta chini ya linta, unabaki na karibu mita 2.06. Prado bila mzigo ina kimo cha takriban mita 1.85 hadi 1.9. Ifunge keria ya paani na mizigo ya kwenda mashambani, imegusa. Kama kiwanja chako kinateremka kuelekea gereji, hali ni mbaya zaidi: magurudumu ya mbele yakishafika sakafuni, ya nyuma bado yako juu ya mteremko, na paa la katikati linainuka chini ya linta. Kwa mteremko unaoshuka mita 1 kila mita 8, Prado inainuka karibu sentimita 9 mahali hapo. Omba mita 2.4 iliyokamilika. Kwa hiyo fundi aache mita 2.47 kutoka slebu tupu.

Kabla ya kumwita welda, amua aina ya mlango, kwa sababu kila aina inapimwa kivyake. Ya bawaba za kufunguka nje inatengenezwa ndogo kuliko nafasi, milimita 5 au 6 kila upande na milimita 20 chini. Shata ya kujiviringisha huwa pana kuliko nafasi, maana kingo zake zinaingia ndani ya reli, na juu ya linta inahitaji sentimita 35 hadi 45 za kuviringia. Ule wa vipande unaopanda kwenye reli za dari unataka karibu sentimita 35 juu ya linta, sentimita 10 za ukuta mtupu kila upande, na mita 3.5 hivi za dari kuelekea ndani pasipo taa wala boriti iliyoteremka, kama utatumia mota.

Vipimo vya mwisho vichukuliwe baada ya plasta na skridi. Upana upimwe juu, katikati na chini. Urefu kushoto, katikati na kulia. Kwa mlango wa bawaba tumia kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha pima kona kwa kona. Mikingamo miwili ikitofautiana zaidi ya milimita 10, fundi anyooshe ukuta kwanza kwa timazi. Welda akifuata ukuta uliopinda, mlango utafunga siku ya kwanza tu.

Na kama uko kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, uondolewe chini ya sakafu ya gereji na mahali pake pajazwe mawe na kushindiliwa. Udongo huo hufura wakati wa mvua, sakafu ikainuka na mlango ukakwama.

SWALI: Mlango wangu wa vipande ni wa mita 4.8 kwa 2.4, bati la geji 16 (kipimo cha unene). Mota inanguruma na kusimama katikati. Fundi anasema ninunue mota kubwa. – Msomaji, Kasarani

JIBU: Pima springi kwanza. Bati la geji 16 lina takriban kilo 12 kwa kila mita mraba, kwa hiyo mlango wako una karibu kilo 138 kabla ya fremu. Uzito huo unabebwa na springi. Mota inasukuma tu. Mlango ukiwa umefungwa, vuta kamba ya kuachilia mota, inua mlango kwa mikono hadi nusu, kisha punguza nguvu taratibu bila kuuachia. Ukitaka kushuka, springi ni dhaifu kwa uzito huo, na mota kubwa itaungua vilevile. Usilegeze boliti za springi mwenyewe: zimevutwa kwa nguvu inayovunja mkono. Na kama gereji haina mlango mwingine, weka kufuli ya kuachilia mota kutoka nje, maana stima ikipotea ile kamba iko ndani.